Ukurasa wa Nyuma wa Ripoti

Tarehe 9 Machi

Kaka Nyongeza,

Shikamoo. Usijaribu kuitika kwa mdomo, najua huwezi. Wifi amenipigia simu kazini leo asubuhi akaniambia taya lako limefungwa waya kama banda la kuku, simu yako ilikanyagwa palepale uwanjani, na ukitaka kitu unakiandika kwenye kikaratasi na kumsukumia mezani. Nikasema kama anaandika, basi aniandikie na mimi. Tangu tuzaliwe hujawahi kuniandikia barua.

Nina hasira, kaka, nikuambie ukweli. Nimekaa ofisini tangu saa tatu na rasimu ya sheria ya mizani na vipimo. Kifungu kimoja nimekisoma mara kumi na moja bila kukielewa, na kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika sheria zieleweke. Mkubwa wangu alipita akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kaka yangu ni refa, na juzi mchezaji amemvunja taya kwa sababu ya dakika nne za nyongeza. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Lakini si kuna sheria sasa?"

Ipo. Mwezi wa kwanza Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Waamuzi wa Michezo, na huko kwenu nadhani hata mjumbe hajaisikia. Anayempiga refa akiwa kazini hawezi tena kusema ni ugomvi wa watu wawili, wakapeana mikono kituoni kila mtu akaenda zake. Ni kosa linalosimama peke yake, kama kumpiga muuguzi wodini. Na hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa sheria hiyo. Yako itakuwa kesi ya kwanza.

Nilipolifikiria hilo mwili ulinisisimka. Maneno yalikuwa yamelala kwenye karatasi miezi miwili, na leo taya la ndugu yangu limeingia ndani yake. Niambie yote, na ripoti ya mechi uliandika?

Mdogo wako,
Wino

*

Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu Wino,

Marahaba. Barua imefika na alama ya dole gumba jeusi pembeni, kwa hiyo najua ni wewe kweli. Ungekuwa umepewa jina la Sabuni labda ungebadilika.

Nakunywa supu kwa mrija. Mama anasema nimekuwa mtu mzuri sana tangu niache kuongea. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia yote na nikavunjika taya.

Ilikuwa hivi. Hadi dakika ya tisini ilikuwa sare, moja kwa moja. Niliongeza dakika nne kwa sababu kipa wa nyumbani alipiga magoti mara tatu kufunga kiatu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Dakika ya tisini na tatu wageni wakafunga. Mfungaji alikuwa ameachwa peke yake na beki namba nne wa nyumbani, aliyekuwa akinyoosha mkono kuniomba kitu. Namba Nne unamjua, yule fundi bomba aliyetuwekea tangi la maji. Nilipuliza kipenga cha mwisho dakika ya tisini na nne na sekunde kumi. Nikaanza kutoka. Nikasikia hatua nyuma yangu, halafu nikaona majani ya uwanja kwa karibu kuliko nilivyowahi kuyaona.

Ripoti niliandika siku ileile kwenye kitanda cha hospitali. Ripoti hailali, unajua ilivyokuwa baba akirudi kuchezesha.

Sasa, kinachoniuma si taya. Namba Nne amewaambia polisi kwamba mpira ulikuwa umekwisha, kwamba nilimtukania mama yake, na tukashikana kama watu wawili wa mtaani. Kamati ya waamuzi nayo imeniletea barua. Kanuni yetu wenyewe inasema mwamuzi akikutwa katika ugomvi wa kiraia anavuliwa beji, awe amepiga au amepigwa. Mahakama ikisema ni ugomvi, nimekwisha. Miaka kumi na tisa, Wino. Sina kitu kingine ninachokijua vizuri hivyo.

Kwa hiyo hiyo sheria yako nimeisoma katika barua mara nne, na kila mara napigwa na butwaa. Kuna watu wasionijua walikaa chumbani, wakafikiria mtu anayetukanwa kila Jumamosi na watu elfu mbili, wakamwandikia sentensi ya kumkinga. Sikujua kama kuna mtu anatufikiria. Ukiwaona huko ofisini, nisalimie.

Kaka yako,
Nyongeza

*

Tarehe 21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Salamu nimezifikisha.

Mwendesha mashtaka wa huko amenitumia nakala ya ripoti yako, kwa sababu nilimwomba. Nimekaa nayo jana kutwa. Mwandiko wako haujabadilika, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride. Na pale chini kabisa umeandika kwa mkono wako mwenyewe, "Kipenga cha mwisho: dakika ya 94, sekunde 10."

Nisikilize kwa utulivu. Kifungu cha tano cha ile sheria kinasema mwamuzi analindwa "tangu kipenga cha kwanza hadi kipenga cha mwisho." Hadi hapo, kaka. Wakili wa Namba Nne ameshaliona na anatembea nalo kama mtu aliyeokota dhahabu. Atasema kipenga kililia, sheria ikaisha, na waliobaki pale ni raia wawili na hasira zao.

Una hakika ulipuliza? Nauliza tu. Watu walikuwa wameshaanza kuingia uwanjani, kelele zilikuwa nyingi. Labda ulikuwa na kipenga mdomoni ukakusudia. Daktari mwenyewe anaweza kusema kuwa mtu aliyepigwa hivyo hukumbuka vipandevipande. Hakuna atakayekulaumu ukisema hukumbuki vizuri. Ni mstari mmoja tu, na beji yako iko upande wa pili wa mstari huo.

Fikiria kabla hujanijibu.

Wino

*

Tarehe 27 Machi

Wino,

Nimefikiria, muda wa kunywa supu bakuli moja.

Nilipuliza. Mara tatu, mbili fupi na moja ndefu, mkono ukielekea katikati ya uwanja. Waliosikia ni pamoja na bibi anayeuza maji nje ya ukuta, ambaye hufunga biashara yake kwa kipenga changu.

Mwaka wa sita wa kazi yangu nilikataa goli la timu ya shemeji yetu, yule aliyemwoa binamu. Goli lilikuwa safi, nilikosea, na usiku wake nikaandika kwenye ripoti kwamba nilikosea. Alininunia miaka miwili. Leo unataka niseme sikumbuki kipenga nilichokipuliza mwenyewe ili nibaki na beji? Nitakuwa nabaki na kipande cha kitambaa.

Baba alikuwa akisema nini? Kutoka kipenga hadi kipenga, refa hana ndugu. Inaelekea hata baada ya kipenga.

Aliyeandika hicho kifungu cha tano hajawahi kutoka uwanjani timu ya nyumbani ikiwa imefungwa. Mwambie hivyo, na salamu zangu azirudishe.

Nyongeza

*

(Kikaratasi ndani ya bahasha hiyohiyo)

Wifi yangu,

Amenipa bahasha niipeleke posta, nami nimeifungua kabla ya kuibandika, nisamehe. Hakuambii mambo. Mtu akipita nyuma yake anaruka. Jana mama mkwe alikuja taratibu kumletea mto wa kuegemea, akamwaga supu yote kifuani. Kiti chake amekigeuza, sasa anakaa mgongo ukiwa ukutani. Kipenga cha baba, kile cha shaba, amekitoa kwenye msumari pale mlangoni na sijui amekificha wapi.

Anasema beji, beji. Mimi naona wakimvua beji hatafika popote, atabaki kwenye hicho kiti. Kama hiyo sheria ina mlango wowote, uufungue.

Wifi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa mambo mawili.

La kwanza, nilikuomba useme uongo. Niliuvisha maneno mazuri lakini ndicho nilichokuomba. Nilisoma jibu lako nimesimama kwenye ngazi za posta, na aibu ikanishika mpaka nikakaa palepale kwenye ngazi, watu wakinipita. Halafu aibu ikageuka kitu kingine. Nilijiuliza ni watu wangapi, wakiwa na meno yamefungwa waya na riziki ya moyo wao ikining'inia, wangeandika "mara tatu, mbili fupi na moja ndefu." Nimefanya kazi na mawakili na wabunge miaka kumi na mbili. Sijaona.

La pili ni zito. Kifungu cha tano nilikiandika mimi.

Mwaka juzi mswada uliletwa ofisini kwetu na mimi nikapangiwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema siwaambii nyumbani, nitawashangaza siku itakapotiwa sahihi, halafu siku ikapita katikati ya kazi nyingi. Nilipofika mahali pa kusema ulinzi unaanza wapi na kuishia wapi, sikutafuta kitabu wala kumuuliza mtu. Nilimsikia baba mezani. Kutoka kipenga hadi kipenga. Nikaandika nikijiona nimempa heshima, na mkubwa wangu akanisifu kwa lugha fupi. Mtu mwingine yeyote asiye mtoto wa refa angeuliza, "Na akishapuliza, anafikaje nyumbani?" Mimi nilidhani najua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nimekuingiza wewe.

Zile salamu zako za kwanza kwa watu waliokufikiria, nilizipokea nikanyamaza.

Wifi ameniambia kuhusu kiti. Usimgombeze.

Sasa nakuomba kitu cha halali. Jana nilikuwa naiangalia nakala ya ripoti tena, nikakumbuka Jumamosi za zamani. Baba akirudi, mimi nilikuwa naandika ukurasa wa mbele, timu na magoli na muda. Wewe uliandika wa nyuma, kwa sababu ulikuwa mkubwa na baba alisema mambo ya kadi si ya watoto. Nakala aliyonitumia mwendesha mashtaka ni karatasi moja, upande mmoja. Je, nyuma uliandika kitu?

Wino

*

Tarehe 7 Aprili

Wino,

Nyuma niliandika kinachoandikwa nyuma. Kadi. Kwani kuna refa anayeandika mbele akaacha nyuma? Nilidhani wote wameisoma. Hakuna aliyeniuliza nami siwezi kuongea. Mwendesha mashtaka alikuja hapa mara moja, akaniuliza maswali ya kutikisa kichwa, akaondoka. Kama karani wao alipiga nakala upande mmoja, hilo mimi ningelijuaje?

Ripoti halisi iko kwa katibu wa ligi, ndani ya faili. Nakunakilia hapa ilivyo, neno kwa neno. Niliiandika mara moja na sijaisahau.

"KADI NYEKUNDU. Namba 4, timu ya nyumbani. Muda: baada ya kipenga cha mwisho, kabla mwamuzi hajatoka uwanjani. Mahali: mstari wa pembeni, upande wa jukwaa. Sababu: kumpiga mwamuzi. Maelezo: Mwamuzi alikuwa ameanguka. Kiwiliwili kilikuwa nje ya mstari, miguu juu ya mstari. Mstari ni sehemu ya uwanja. Mwamuzi aligeuka akamwona mchezaji amesimama juu yake, ngumi ikiwa bado imefumbwa. Mwamuzi hakuweza kusema. Alionyesha kadi kwa mkono wa kulia. Mchezaji aliitazama kadi akatoka uwanjani bila ubishi."

Mpira ukiisha, uchezaji ndio unaoisha. Refa anabaki refa mpaka atoke nje ya mistari, na mpaka hapo anaweza kutoa kadi. Kila mchezaji anajua. Ningekuwa nimeanguka hatua moja mbele nisingeitoa, nisingekuwa na haki hiyo.

Kuhusu kifungu chako. Nilikaa nacho siku mbili, na nilikuwa na mengi ya kusema. Lakini kila nikitaka kukasirika nakuona na ile misuko miwili ya nywele, umelala juu ya meza na ulimi nje, unaandika majina ya kikosi. Na sasa unaandika sheria za nchi. Mtoto aliyekuwa akilia kiatu kikikatika kamba ameandika kitu ambacho hakimu lazima akisome amevaa miwani. Kimekosewa, sawa. Hata baba alikosea. Lakini Wino, ulikiandika wewe.

Salamu zangu uzishike tu.

Nyongeza

*

Tarehe 25 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, nikalala saa kumi na moja mfululizo. Jana hatukupata nafasi ya kukaa, watu walikuzunguka mno, na wewe maneno yako bado yanatoka kama ya mtu anayeuma pini. Kwa hiyo naandika. Nataka kukuandikia yaliyokuwa nyuma yako, kwa sababu ulikuwa umemtazama hakimu na hukuyaona.

Ulipoketi kwenye kile kiti cha shahidi, mlango wa nyuma ulifunguliwa na hatua zikaingia. Nilikuona. Ulishika meza kwa mikono miwili na mabega yakapanda mpaka masikioni. Hatua zikaendelea kuingia, nyingi, na wewe hukugeuka, na mimi nilitaka kupiga kelele nikuambie ni nani.

Walikuwa waamuzi. Kumi na saba, niliwahesabu. Wengine walivaa jezi zao nyeusi, na kulikuwa na yule mama wa mpira wa pete mwenye kipenga shingoni, na mzee wa ngumi ambaye sikio lake moja limekunjamana kama jani kavu. Viti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo walisimama ukutani, mikono nyuma, kama mnavyosimama kabla ya mechi. Walibaki hivyo saa mbili nzima. Hizo ndizo hatua zilizokuwa nyuma yako, kaka.

Halafu yule wakili akasimama na kusoma kifungu changu kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa mahakamani. "Hadi kipenga cha mwisho." Alilisoma mara mbili kwa raha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakimu akaomba ripoti halisi. Katibu wa ligi akamletea. Akasoma mbele, akatikisa kichwa. Halafu akaigeuza. Kaka, ni karatasi tu, lakini ilivyogeuka ilisikika chumba kizima. Akasoma akifuata kwa kidole. Alipofika katikati kidole kikasimama. Akasoma tena kutoka mwanzo, safari hii kwa sauti, polepole, mpaka "miguu juu ya mstari." Mzee wa ngumi alifunga macho. Mama aliyekaa karibu nami, ambaye baadaye niligundua ni mama yake Namba Nne, akaweka mkono mdomoni.

Maswali ya hakimu kwa Namba Nne uliyasikia, lakini nayaandika kwa sababu nataka yawe mahali fulani kwa mwandiko wangu.

"Ulionyeshwa kadi?"

Wakili wake akamgusa kiwiko. Yeye akasema, "Nilionyeshwa, mheshimiwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilitoka."

"Mpira ulikuwa umekwisha. Unasema mbele yako alikuwepo raia wa kawaida, tena aliyemtukana mama yako. Amelala chini, hawezi kusema, ananyanyua kikadi chekundu. Kwa nini ulitoka?"

Na yeye, mtu mzima na mabega yale, akainamisha kichwa. "Ilikuwa nyekundu," akasema. "Refa akikuonyesha nyekundu, unatoka." Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Hakunitukana. Aliyemwacha mfungaji ni mimi."

Nimetunga sheria nyingi na sijawahi kuiona hata moja kwa macho. Jana niliiona. Mtu amekupiga mpaka umeanguka, ana nguvu zote na wewe huna hata sauti, na unanyanyua kipande cha plastiki naye anatii. Hakuna askari pale, wala hakimu, wala kifungu cha tano. Nilimtazama mkubwa wangu, alikuja kwa hiari yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti.

Hakimu alisema aliyeonyesha kadi na ikatiiwa alikuwa kazini, na kosa ni la sheria hiyo. Akasema pia kwamba maneno ya kifungu cha tano ni membamba mno, na waliokiandika wakitazame upya. Aliposema hivyo alinitazama moja kwa moja, na naapa hakujua.

Wino

*

Tarehe 12 Mei

Mdogo wangu Wino,

Marahaba. Waya umetoka. Mama anasikitika, anasema amani imekwisha nyumbani.

Kamati imefuta barua yao. Beji iko kwenye droo. Adhabu imetoka juzi: Namba Nne hachezi popote miaka mitatu, na miezi sita anafanya kazi ya jamii. Sheria yako ina kifungu cha tisa, kwamba kila uwanja uwe na njia ya uzio kutoka mstarini hadi chumba cha waamuzi. Uwanja wetu hauna. Hakimu akamuuliza anafanya kazi gani, akasema fundi bomba, anajua kuchomelea. Basi ataijenga yeye. Sikujua nicheke au nini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, ile sehemu ya nyuma yangu. Nilidhani ni watu wake. Saa mbili nzima nilikaa nikingoja kupigwa tena, kumbe ni kumi na saba wamenisimamia ukutani. Nimemwomba wifi yako asirudishe kiti bado, lakini jana nilikaa mgongo ukiwa mlangoni muda wa chai moja.

Kitu kingine. Nilimsomea mama kile kifungu chako. Akaniuliza, "Kipenga cha mwisho kipi?" Nikamwambia cha mwisho, mama, kipo kimoja. Akaniangalia kama mjinga. Akasema, "Baba yenu cha mwisho alikuwa anakipulizia hapa mlangoni."

Unakumbuka? Kile kifupi akifika getini, nasi tukikimbia kumpokea. Nilidhani ni mchezo wake na sisi watoto. Mama anasema hapana. Mwaka mmoja kabla hujazaliwa baba alifukuzwa na mashabiki mpaka shambani, akafika nyumbani bila viatu. Mama akamwambia hataweza kukaa hivyo kila Jumamosi, akisikiliza kila hatua njiani. Baba akamwahidi: usiamini kuwa mpira umekwisha mpaka usikie kipenga mlangoni. Miaka ishirini na minne mama alikuwa hali wala haketi mpaka asikie. Sisi tulikuwa tunacheza tu.

Na mimi miaka kumi na tisa sijampulizia hata mara moja. Wala wifi yako.

Nyongeza

*

Tarehe 20 Julai

Kaka,

Shikamoo. Marekebisho yamepita jana. Nakunakilia kifungu cha tano kipya, na safari hii niliwauliza watu kabla ya kuandika.

"Mwamuzi atalindwa na sheria hii tangu anapotoka nyumbani kwake kwenda kuchezesha hadi anaporudi salama mlangoni pake."

Mbunge mmoja aliuliza kwa nini "mlangoni pake," kwamba si lugha ya sheria, na nani amelipendekeza. Mkubwa wangu akanipa nafasi nijibu. Nikasema lilipendekezwa na mjane wa refa, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na minne. Hawakuuliza zaidi, wakapiga kura.

Mama umsomee polepole. Nakala ya wifi, iliyomo humu, usimsomee, mpe mwenyewe ashike.

Na wewe vipi, uwanjani utarudi lini? Sikulazimishi.

Wino

*

Tarehe 18 Agosti

Mdogo wangu Wino,

Nakuandikia ripoti, maana wewe ndiye wa ukurasa wa mbele.

Jumamosi, uwanja uleule. Nilitoka nyumbani saa saba na dakika ishirini. Wifi yako alinifungia mkoba, mama alisema nimepaka mafuta mengi kichwani. Dakika kumi za kwanza sikuona mpira, nilikuwa nasikia tu watu nyuma yangu. Dakika ya kumi na nane nikapuliza faulo, mtu mmoja jukwaani akanitukana vizuri sana, na nikajisikia niko nyumbani. Mbili kwa sifuri. Niliongeza dakika tatu, wakapiga kelele, "Nyongeza, hiyo saa uitupe." Kipenga cha mwisho nilikipuliza dakika ya 93, sekunde 5.

Kisha nikageuka kutoka.

Njia ya uzio imekamilika nusu. Mabomba yamesimama pande zote mbili, wavu umefika katikati, na Namba Nne alikuwa juu ya ngazi mwishoni kabisa, miwani ya kuchomelea kichwani. Siku za mechi haruhusiwi kuingia uwanjani, lakini mwisho wa njia uko nje ya mistari, nilihakikisha. Ilibidi nipite chini yake, na yeye abaki nyuma yangu. Miguu ilinigoma, Wino. Nakuambia kama ilivyokuwa, nilisimama pale kama mti, na waamuzi wenzangu wawili wakasimama nami bila kuuliza.

Alishuka, akaweka vyombo chini. Akaenda kusimama mbele, kule mlangoni kwa chumba chetu, mahali ninapoweza kumwona. Akaweka mikono nyuma. Akasema, "Pita, refa." Nikapita. Nilimpita karibu kiasi cha kusikia harufu ya chuma kwenye nguo zake. Nikamwambia bomba la tatu kushoto limelegea. Akasema ameliona, kesho atalikaza.

Sijui hiyo ni nini. Wewe unaandika sheria, utaipa jina. Mimi nilivua viatu nikakaa kwenye benchi, nikijiuliza ni kitu gani kimemfanya mtu yule asimame pale. Kifungu cha tisa kilimleta uwanjani, hilo nalijua. Kusimama mbele yangu hakuandikiwa na mtu.

Sasa ukurasa wa nyuma. Kadi: hakuna. Majeruhi: hakuna.

Nilifika getini saa kumi na mbili na dakika nane. Kipenga cha baba nilikuwa nacho mfukoni, kilikuwa ndani ya soksi zangu za baridi muda wote, mwambie wifi yako asitafute tena. Midomo ilikuwa imekauka, mara ya kwanza ukatoka upepo tu. Nikapuliza tena, kifupi.

Ndani mama alisema, "Huyo," akavuta kiti akakaa. Wifi yako alitoka mikono ikiwa na povu la sabuni, akasimama mlangoni, akanitazama taya, akanitazama miguu, akanitazama mkoba. Kisha akasema chakula kiko mezani.

Mpira umekwisha, Wino. Andika saa kumi na mbili na dakika nane.

Kaka yako,
Nyongeza